Umeme Katika Waya wa Winchi

Mpenzi Baba Vumilia,

Nakusihi, neno lolote la barua hii lisikutoke, hata kwa wenzako. Huku Kahama hatujambo. Mwanao ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba.

Jana fundi wa vipimo alikuja ofisini kwetu kueleza hali ya ule waya wa chuma wa winchi unaowashusha ninyi shimoni huko Mwakitolyo. Alikuwa ameupima huko kwa kuupitishia umeme, nao umeme ukapita kwa shida. Alisema chuma kizima huupitisha vizuri, ila kikiliwa na kutu, njia yake hupungua. Bosi akacheka: "Waya unang'aa vile! Umeme wako ndio mgonjwa, fundi." Kisha akanigeukia: "Karani, hujasikia kitu."

Unang'aa kwa sababu kila Jumamosi mnaupaka oili chafu, mume wangu. Mnapaka nje, na kutu iko ndani.

Tafadhali usishuke. Nimeomba siri kwa woga wa kufukuzwa kazi, lakini Frank na wenzako wengine wa shimoni nao wana watoto. Waambie wote.

Usinipigie ofisini. Mpigie Mama Monika, muuza mchele, umwambie tu kwamba uko juu. Atanifikishia.

Akupendaye,
Justa