Mama, Zabibu Zimekubali

Mama,

Zimeiva! Salamu nitakupa baadaye, nisamehe, maana wewe mwenyewe ungeniuliza zabibu kwanza. Zimeiva, Mama, nyekundu ya kuelekea weusi, vichala vimejaa hata kidole hakipiti katikati, na utamu wake wallahi sina namna ya kuusema. Mikono yangu inanata, kalamu inanata, na ukiona doa hapo juu ya karatasi ujue ni maji ya zabibu, si machozi. Machozi yapo chini huko, utayafikia.

Haya sasa. Assalaam aleikum, Mama yangu, na rehema za Mola zikushukie hapo ulipolala. Sisi wazima. Kaka Faki mzima. Jirani yako Bi Kombo mzima, na ulimi wake mzima zaidi. Mie nimeungua jua mpaka watu wananiuliza kama nimehamia Msuka kuvua, lakini mzima pia, alhamdulillahi.

Nikueleze tangu mwanzo. Ulipotangulia, mirathi iligawiwa kwa usalama, hakuna aliyepandisha sauti. Mie nikapata mikarafuu ya bondeni. Kaka Faki akapata nyumba na uwanja wa nyuma, na mie nikabaki na chumba changu kama zamani. Sasa uwanja wa nyuma ndio wenye mizabibu yako, na ndio wenye jua kutwa nzima. Kaka anataka kumwaga sakafu ya saruji hapo, aanikie karafuu. Usimkasirikie. Kila mwaka tunaanika kwenye majamvi, mvua inatushtukiza, tunakimbia kama kuku, na karafuu ikilowa unajua inavyoharibika. Aliniambia kwa upole kabisa: "Raya, jua lote la uwanja linaliwa na miti isiyozaa."

Nililia, Mama. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira yangu unaijua ilikotoka. Nikamwambia akate na mkono wangu basi, maana mkono huu ndio uliokushikia tochi ulipokuwa ukifunga boriti za uchanja ule unaobeba mizabibu yako. Akasema, "Haya. Mpaka karafuu zianze kuiva. Siku hiyo nikila zabibu moja hapo bila kukunja uso, uchanja wa Mama unabaki. Nikishindwa, usininunie." Tukapeana mikono.

Na unajua nilivyoogopa, kwa sababu wewe na mie tunajua siri ya zile zabibu. Tangu uliporudi na vile vipandikizi kutoka harusini Dodoma, umevizungushia kanga mbichi, umekataa hata kuviweka chini ndani ya boti, watu wakakuuliza umebeba mtoto wa nani, tangu hapo havijawahi kutoa tunda la kuliwa na binadamu. Maua yanakuja, yanapukutika. Kinachobaki ni punje mbili tatu kwenye kichala, chachu ya kukata ulimi. Na wewe unazila! Mbele ya Bi Kombo, macho yanakutoka maji, unamwambia, "Tamu kama halua." Akionja akatema, unamwambia, "Hujazoea tu, shoga." Mie nikiingia jikoni kucheka, nauma ncha ya mtandio nisisikike. Mama, ulikuwa muongo kwa mizabibu ile tu, mengine yote ulisema kweli.

Basi nikaenda kumtafuta bibi shamba. Binti mdogo, mwenyeji wa Shumba, anasema kama anakimbizwa. Akaja, akashika jani, akaligeuza, akaligeuza tena. Majani yalikuwa na umanjano katikati, mishipa peke yake ndiyo imebaki kijani. Akasema udongo wa pale umeoshwa na mvua, mizizi inatafuta chakula haikipati. Dawa ni kuulisha mti kwa majani. Nikamtazama. Nikakusikia wewe kabisa ukisema, "Jani linakula? Lina meno?" Nikamuuliza vile vile, kwa niaba yako, naye akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema ni kama mgonjwa asiyeweza kumeza, anawekewa dripu mkononi. Hapo nikaelewa.

Kwanza akapogoa. Mama, alipogoa mpaka nikadhani katumwa na Kaka Faki! Ilibaki mifupa. Nilikaa jikoni nisione. Lakini machipukizi yalipotoka yakatoka kwa wingi, na vikonyo vya maua navyo. Akaniletea mbolea ya kupulizia, unga mweupe wa kukoroga kwenye maji, na pampu ya mgongoni ya kuazima. Kisha akaniambia jambo lililoniudhi. "Usipulizie yote, Dada Raya. Mitatu pulizia mbolea, mitatu pulizia maji matupu. Ukipulizia yote sita ikazaa, utajuaje kama ni mbolea au ni mvua nzuri ya mwaka huu?"

Roho ikaniuma. Ni kama kuwapakulia wali watoto watatu, na wenzao watatu unawapa maji, wote wamekaa mkeka mmoja. Lakini alikuwa na haki, na mie nilitaka kujua kweli, si kubahatisha. Akasema tu niweke alama nisije nikachanganya. Basi nikachukua kanga yako nyekundu, ile iliyokwisha kupasuka pindoni, nikaichana vitambaa, nikaifunga ile mitatu ya mbolea. Nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Sasa nitazame vizuri hapo, Mama, maana ndipo nilipojiroga mwenyewe. Alfajiri, nimeswali, jua bado halijachomoza. Nimefunga mtandio usoni nisivute ule unga, macho tu yanaonekana. Nazunguka mzabibu mmoja baada ya mmoja. Nasema bismillahi kwa kila mti, midomo inacheza. Napuliza juu, nainama napuliza chini ya majani, kama nilivyofundishwa. Na vitambaa vyekundu vinaning'inia. Nani yuko uani kwake anachota maji ya udhu, ananiangalia? Bi Kombo.

Kufika adhuhuri, Mtambile nzima inajua kwamba Raya binti wa marehemu ameweka kago. Na kago unalijua wewe, ukiiba mazao yaliyowekewa unavimba tumbo, au unabaki umesimama pale pale mpaka mwenyewe aje akufungue. Mie sina habari! Naona tu watu wanaopita nyuma ya nyumba wanazunguka njia ya mbali. Fundi niliyemwita kunisaidia kunyanyua boriti iliyolala akasema mgongo unamuuma. Muuza duka akanisalimia kwa heshima ambayo sijapata kuiona, "Shikamoo Bi Raya," na kanipita umri! Nikasema labda ni kwa sababu nimefiwa.

Lakini mizabibu, Mama! Ile mitatu ilianza kukoza kijani, na umanjano ukapotea jani kwa jani. Mara moja mvua ilinyesha nikiwa ndiyo kwanza nimeshusha pampu, ikaosha kila kitu, nikakaa barazani nikaisema mvua maneno ambayo ungenipiga. Nikarudia majani yalipokauka. Maua yakafunguka, nikasubiri yapukutike kama kawaida yake. Kwenye miti ya maji matupu yakapukutika, chini kukawa kama mtu kamwaga pumba. Kwenye mitatu ile yakakaa. Yakakaa, Mama! Yakafunga punje ndogo ndogo kama mtama, kisha kama njegere, na mie nikaruka uwanjani, mwanamke mzima, kanga imenidondoka, napiga kigelegele peke yangu. Bi Kombo akafunga dirisha.

Nikavifunika vichala kwa chandarua chakavu kwa ajili ya popo. Vikajaa. Vikaanza kugeuka rangi. Nikaonja punje moja ya pembeni, nikakaa chini kwenye mchanga, nikakuita. Hapo ndipo yalipo yale machozi niliyokwambia. Nilikuita kwa sauti, "Mama, njoo!", kama vile uko jikoni. Kisha nikakumbuka.

Karafuu zikaanza kuiva, ikafika siku ya Kaka Faki. Alikuja na fundi wa sakafu, na fundi alikwisha kupiga vigingi na kuvuta kamba kutoka ukutani mpaka kwenye uchanja. Nikatabasamu tu, najua nilicho nacho. Nikakata kichala kikubwa kuliko vyote, nikamletea kwenye sinia. Kaka akatazama zabibu, akatazama kitambaa chekundu, akarudi nyuma. "Mie sili hizo." Nikafikiri anatania. "Sili kitu cha kago, Raya. Nitakula za miti hii mingine." Na kabla sijafumbua kinywa, kanyoosha mkono kwenye mti wa maji matupu, kachuma punje, kaitia mdomoni.

Ungemwona uso! Ulikunjika ukawa kama embe la mwaka jana. Akatema. "Umeniona? Tulipeana mikono." Fundi akaokota shoka.

Nikaeleza mbolea, nikaeleza alama, nikaeleza kulinganisha, maneno yanapandana. Nikamtaja bibi shamba, naye siku hiyo yuko Wete. Nikachukua zabibu nikala mbele yake, nikala nyingine, nikala kwa pupa. Kaka akatikisa kichwa kwa huruma. "Kago halimdhuru aliyeliweka." Nifanye nini na maneno kama hayo? Nikivifungua vile vitambaa, atasema nimefungua mbele yake kumhadaa. Nikikaa kimya, shoka linashuka. Nikasimama mbele ya uchanja, nikatandaza mikono.

Na hapo, Mama, nani anaingia uani bila hodi? Yule yule aliyeniwashia moto. Alikuwa nyuma ya ukuta anasikiliza, bila shaka. Akasimama mbele yangu, mkono kiunoni. "Raya, kago humkamata nani?" Nikasema, "Bi Kombo, hakuna kago." Akasema, "Sikukuuliza kama lipo. Linamkamata nani?" Fundi ndiye aliyejibu, shoka mkononi: "Mwizi." Akasema, "Na mie mwizi? Mwenye mti akinipa kwa mkono wake na kwa radhi yake, mie mwizi?" Kisha akanigeukia na kiganja wazi. "Nipe. Mama yako kanilisha chachu miaka yote ananiambia halua. Leo na nife, lakini nitajua."

Nikamwekea punje kiganjani. Nikasema nimekupa, Bi Kombo, kwa radhi yangu yote. Akasema bismillahi kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Akatia mdomoni, akafumba macho.

Alitafuna polepole, akameza, akakamata ncha ya kanga akajifuta macho. "Ee shoga yangu," alisema, na hakuwa akisema na mie. Alikuwa anatazama pale ulipokuwa ukikaa na kigoda chako. "Ee shoga yangu, kweli halua." Akachukua kichala kizima sinia likabaki tupu, akakaa chini, akala bila kumkaribisha mtu.

Kaka Faki akaja taratibu. Akanyoosha kiganja kama mtoto, hakunitazama. Nikakata kichala kingine, nikampa kwa radhi. Alikula moja. Nikamkazia macho usoni, Mama, wala sikupepesa. Uso haukukunjika hata kidogo. Akala ya pili, ya tatu, akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Kisha akainama akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake, akang'oa na cha pili, akaizungusha kamba mkononi, akamkabidhi fundi. Sakafu itamwagwa upande wa barabarani. Ni ndogo, na jua lake la nusu siku, lakini kasema itamtosha. Kisha akaniuliza, "Hii mitatu mingine unaipulizia lini?"

Bibi shamba anasema mmoja lazima ubaki na maji matupu tuendelee kulinganisha. Kaka keshaanza kugombana naye, anauonea huruma. Vitambaa nimevitoa, nimepaka chokaa kwenye mashina badala yake. Watu wanapita njia ya karibu sasa, na kila anayepita anaonjeshwa, mpaka najuta kidogo.

Kichala ulichopaswa kukionja wewe sikukila, Mama. Mavuno ya kwanza niliyapeleka chuoni kwa watoto wa Kurani, sadaka yako. Mwalimu akakuombea dua ndefu, na watoto wakaitikia amin midomo imejaa, maji ya zabibu yanawachuruzika mpaka kwenye kanzu. Sijui dua nyingine iliyopokewa kwa furaha namna ile.

Nakuahidi hivi: kila msimu zitakapoiva, za mwanzo ni zako, na zitaliwa na midomo mingi kwa niaba yako. Nami nitaendelea kupuliza, juu ya jani na chini ya jani, mpaka mkono uchoke. Huko uliko, inshallah, zipo zabibu zisizotaka mbolea wala pampu, umepewa kwa radhi, na hakuna anayekuvutia kamba ya sakafu. Kula, Mama. Kula ushibe. Hizi za huku tuachie sisi.

Mwanao,
Raya