Kaka na mashine ya dadu

Wewe, acha unachofanya usome. Kaka yangu kajimaliza!

Si aliapa mbele ya mkwewe kwamba akicheza tena kamari, mke arudi kwao? Leo kaaga anaingia zamu, kumbe yuko kasino, kwenye ile mashine ya dadu yenye viti kuizunguka, kila mtu na skrini yake. Jirani yetu, mlinzi wa pale, kaona yote, kanisimulia sasa hivi.

Mtu kaketi upande wa pili, habonyezi chochote. Kaka, bila hata kuinua kichwa: "We mama, cheza au mpishe mwenzio! Unatutia mkosi!"

Unatutia mkosi! Anamwambia mkewe! MKEWE WA NDOA!

Shemeji wala hakupaza sauti. "Basi mkosi wako unaondoka, bwana mkubwa. Nguo nimeshafunga."

Kaka akaruka, akamdaka mkono. "Mke wangu, nisikilize kwanza..." Hapo hapo dadu zikaanza kurukaruka ndani ya kioo.

Na yule mpumbavu, haki ya Mungu, akageuza shingo kutazama zimeangukia ngapi.

Shemeji akauchomoa mkono wake taratibu, akatoka.