Siku Sita Mbele ya Kitinda

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano wa timu, ukumbi mdogo wa hoteli, viti vya plastiki. Kocha amebandika ramani ya siku sita ukutani. Hakupindisha maneno: tunampigania Kitinda, waliobaki wote ni wasaidizi. Akanigeukia — wewe kazi yako unaijua.

Naijua! Mwaka wa kumi na moja naijua. Kukata upepo, kubeba maji, kuchoka mapema ili mwingine afike mzima.

Kitinda ni mdogo wangu, tumbo moja. Kitindamimba wa mama, jina likamganda. Ana ishirini na tatu, mimi thelathini na tatu. Baiskeli nilimfundisha mimi, nikikimbia nyuma nimeshika tandiko huku mapafu yanawaka. Leo ndiye nahodha wangu.

Wenzangu wananiita Punda. Kwa mapenzi, wanadai.

Mama kapiga simu. Umwangalie mdogo wako. Sawa, mama. Nikasubiri aongeze neno. Akakata.

Jumanne, 3 Juni

Kilomita 142, tambarare. Nimerudi kwenye gari la timu mara nne, chupa zimejaa mpaka ndani ya fulana, mgongo umevimba kama wa ngamia. Halafu kulifukuzia kundi tena. Halafu kugawa. Ya mwisho kabisa nampa yeye, ya baridi.

Saa tatu nzima amekaa nyuma ya gurudumu langu. Aliye nyuma anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Na hiyo theluthi haidondoki kutoka mbinguni — inatoka kwenye miguu yangu.

Mstarini mwandishi wa habari alimkimbilia. Mimi nilikuwa nimesimama katikati. Mpiga picha: "Dada, sogea kidogo."

Nikasogea.

Jumatano, 4 Juni

Upepo wa ubavuni. Kundi lilikatika vipande vipande kama uzi mbovu. Niliona mapema wale wa timu ya bluu wanajipanga, nikamvuta Kitinda mpaka mbele kabla hawajafyatuka. Tulikuwa salama. Salama kabisa!

Kisha gurudumu lake la mbele likaisha pumzi. Gari la timu liko mbali, nyuma ya vipande vyote vile. Alinitazama. Nikashuka, nikachomoa langu, nikampa, nikamsukuma. Akaenda.

Nimesimama kando ya barabara, baiskeli ina gurudumu moja, kama mtu aliyeporwa. Nimepoteza dakika tano.

Yeye ni wa pili kwenye msimamo, sekunde kumi na tano tu nyuma ya nahodha wa bluu. Mezani alinishukuru mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Nilitabasamu. Nikaisogeza sahani ya wali.

Alhamisi, 5 Juni

Mkandaji wa timu alitumia muda mrefu kwenye mapaja yangu. Kisha akanong'ona: miaka yote hii sijaishika miguu yako ikiwa mizuri hivi. Nikamwambia asimwambie mtu.

Nimechungulia kipima nguvu cha Kitinda kilipokuwa kinachajiwa. Namba zake za kilima cha leo. Kisha zangu. Zangu ziko juu — na mimi nilikuwa nimebeba maji!

Wivu. Basi, neno nimeliandika. Halinyongi mtu likiandikwa.

Ijumaa, 6 Juni

Kilima kifupi, Kitinda wa tatu, pengo halijabadilika. Nilimsaidia kuvua fulana. Mifuko ya mgongoni imejaa! Vikeki vya wali vitatu, jeli mbili, havijaguswa. Ndivyo alivyo tangu utotoni: akiwa na wasiwasi hali chochote. Kila nusu saa napita ubavuni namwambia "kula". Leo nilichelewa mara mbili kwa sababu ya maji.

Nikamgombeza. Unakula au unabeba mizigo? Mlimani mwili haukopeshi, ukiishiwa umeishiwa.

Akacheka, akaniegemea begani. "Si ndiyo maana nina wewe?"

Amesema kwa upendo, najua. Lakini nilijihisi kama saa ya kengele. Mtu anaibonyeza, inanyamaza, anaendelea na maisha yake.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Mpango wa kocha asubuhi: mimi nichomoke na watakaotoroka mapema. Hakuna atakayejali, niko nyuma dakika tano na sekunde kumi, nani amwogope Punda? Nikae mbele nikitunza nguvu. Mlima wa mwisho, kilomita kumi na saba, Kitinda akishambulia nimsubiri, nimkatie upepo mpaka juu. Mpango mzuri. Wa kitabuni.

Kilomita ya thelathini na nane niliona watu wanaanza kujitikisa. Nikampita Kitinda kwenda mbele. Nikamtazama mgongoni. Mifuko imetuna vilevile kama tulivyoipakia hotelini. Zaidi ya saa nzima barabarani, hajagusa hata kimoja.

Neno moja tu. Herufi nne. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Sikusema.

Nimejiambia nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka. Nilipunguza hata mwendo ili nitazame vizuri. Kisha nikaondoka.

Tulichomoka watano. Nilikataa kushika zamu ya mbele, nahodha wangu yuko nyuma, kwa nini nimtoroke? Wakanitukana, kupe we! Wamesema kweli, lakini hiyo ni haki yangu, ndiyo sheria ya kazi hii. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja nilikuwa naokoa theluthi ya mtu mwingine. Tamu! Nilikula vikeki vyangu vyote, kwa kufuata saa.

Chini ya mlima pengo lilikuwa dakika saba. Wawili wakaachwa mara moja. Miguu yangu inazunguka kama si yangu. Zikiwa zimebaki kilomita tisa, kocha akaita kwenye redio ya sikioni. "Punguza. Kitinda ameishiwa nguvu, anayumba. Msubiri."

Niliendelea kukanyaga. Akarudia. "Msubiri, unanisikia?"

Nilisikia. Nikashika waya nikauvuta, kifaa kikatoka sikioni, kikaning'inia kifuani. Kimya. Ni pumzi yangu tu. Nikabadili gia.

Nimekuwa wa pili, binti mmoja wa wale tuliochomoka nao alinipita mita hamsini za mwisho. Haikunihusu, kwenye msimamo yuko nyuma mno. Nilisimama nikihesabu. Nahodha wa bluu alifika dakika tano na sekunde hamsini baadaye. Toa tano na kumi nilizokuwa nyuma yake. Sekunde arobaini! Fulana ya njano, ile anayovaa anayeongoza mashindano yote — wamenivika mimi. Maua. Kamera. Hakuna aliyeniambia nisogee.

Kitinda alifika dakika nane nyuma yangu. Midomo myeupe, chumvi usoni. Fundi alimshika asianguke. Aliponiona na ile fulana alijikongoja, akanikumbatia, akalia kwa sauti. "Dada, umeipata! Umeipata!" Alikuwa anatetemeka kwa njaa. Niliihisi njaa yake kupitia kitambaa.

Na bado — Mungu anisamehe — niliwaza: anaichafua fulana.

Kocha hakunipa mkono wala hakunifokea. Amesema tu tutaongea kesho.

Nilimpigia mama mwenyewe, jua halijazama. Mama, ninaongoza! Akashangilia, akapiga vigelegele viwili. Kisha: "Na mdogo wako? Nimeona kwenye televisheni wanamshikilia. Amekula?"

Asante ya punda ni mateke. Sijui leo nani kampiga nani.

Jumapili, 8 Juni

Ndani ya basi la timu, kando ya mstari wa kuanzia. Mapazia yamefungwa. Hatua ya mwisho, milima miwili. Sekunde arobaini za kulinda.

Kocha alisubiri wote watulie. Akaniuliza mbele yao, jana redio ilikuwaje?

Nikainamia viatu vyangu, nikavikaza.

Kitinda akajibu, akiwa anafunga kamba ya kofia. "Ilikuwa imelegea, kocha. Niliiona inaning'inia pale chini ya mlima."

Pale chini ya mlima nilikuwa nimemwacha dakika saba. Kila mtu ndani ya basi anajua kuhesabu. Kocha alimtazama, akanitazama, akafunga kompyuta yake. Haya, leo tunampigania nani?

"Dada," Kitinda akasema. "Mimi nitabeba maji."

Hakuna aliyebisha. Wakashuka mmoja mmoja kwenda kupasha miguu moto. Mkandaji alinipiga bega bila kuniangalia usoni.

Hata kwa wema amenizidi. Ningeweza kumvumilia akinitukana! Angenitukana tungekuwa sawa. Amechukua hata nafasi ya kuwa mtu mzuri, na amekaa nayo kwa raha kama anavyokaa nyuma ya gurudumu langu.

Tumebaki wawili. Nikamwambia ahsante kwa ile ya redio.

Akatikisa kichwa, hayo yaishe. Akasimama. Kisha kwa sauti ndogo, ile ya kuomba kitu: "Dada, jana uliponipita kabla hujachomoka. Ulinitazama mgongoni. Muda mrefu. Ulisahau kuniambia?"

Ulisahau. Amenifungulia mlango mwenyewe, ameushikilia, kilichobaki ni mimi kupita. Niseme ndiyo, nilisahau, pilikapilika. Atanikumbatia. Ataniburuza milima yote miwili mpaka atapike, na fulana hii itakuwa yangu maisha yangu yote.

Nimemwambia ngoja nimalizie kitu hapa. Nimeinamia daftari.

Fundi amegonga dirisha. Baiskeli ziko tayari, dakika kumi na mbili.

Hajaenda. Viatu vyake naviona pembeni mwa ukurasa, ncha zinaelekea kwangu. Ameuliza tena, polepole zaidi.