Njia ya Bondeni

Jumapili, 2 Juni

Kesho porini! Bunduki nimeisafisha, nikaisafisha tena.

Miaka yote tulikuwa tunakwenda ofisi ya wanyamapori mmoja mmoja kulalamika, tunaambiwa tutaitwa. Nani aliitwa? Bonde likafungwa, uwindaji ukakatazwa, bila hata sisi kuulizwa. Tangu tuunde chama cha wawindaji, yule mama ofisa anatusikiliza mpaka anaandika. Tulimwambia msimu uanze baada ya nyati kuzaa, si kabla — akakubali! Sasa ametupa kibali cha majaribio: dume mmoja mzee. Sharti ni moja. Ukimjeruhi ukampoteza, unatoa taarifa siku hiyo hiyo, watu waonywe. Tukifanya vizuri, kwenye mkutano wa Jumanne tarehe 11 tunapewa kiti katika kamati inayopanga msimu. Kiti chenye kura.

Tunaingia wawili. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wanamwita Risasi Moja kwa sababu hajawahi kuhitaji ya pili. Mimi katibu, kazi yangu maneno. Mke wangu anasema tumegawana vyeo kifamilia. Kanuna kidogo lakini: njia ya bondeni imefungwa kwa ajili yetu, naye ni muuguzi kwenye zahanati ya ng'ambo, inabidi azunguke na barabara kuu. Mkimaliza mnifungulie njia yangu, anasema.

Jumatatu, 3 Juni

Mungu wangu.

Dume alikuwa amesimama vizuri, ubavu wote kwetu. Shemeji akapiga. Nyati akajikunja mgongo, akakimbia. Tukafuata damu. Nyeusi, ina chembe za majani yaliyotafunwa. Mwindaji yeyote anajua maana yake: risasi imeingia tumboni. Wa hivyo hafi leo wala kesho. Anakaa kando ya nyayo zake mwenyewe, anakungoja.

Damu ikaingia kwenye matete ya mtoni, pale pale njia ya bondeni inapokatisha mto. Tukasimama. Nilisikia pumzi — sijui ya nyati, sijui yangu. Jasho lilikuwa linamtiririka shemeji. Akageuka, akasema twende.

Nikasema tupitie kwa ofisa. Akasema tukitoa taarifa, kiti hakuna, watasema wawindaji ni wale wale. Kwani huyo atapona? Atakufa humo, fisi watamaliza.

Tumemwambia ofisa hatukuona dume wa kufaa, hatukupiga risasi. Yaani yeye kasema. Mimi nimesimama pembeni kama mwiko. Eti katibu, kazi yake maneno!

Jumanne, 4 Juni

Natazama angani. Angekufa, tai wangeshaanza kuzunguka. Hakuna tai.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna tai.

Alhamisi, 6 Juni

Dukani nimemkuta mkata kuni. Anasimulia mbwa wake kaingia kwenye matete, kabweka mara mbili, basi. Hajatoka. Watu wakacheka, wakamwambia mbwa kachoka njaa ya kwako, kahamia kwa tajiri. Nami nikacheka! Nimelipia sukari nikaiacha kaunta. Muuza duka kaniita mpaka barabarani.

Chakula hakipiti.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda karakana kwa shemeji. Ni seremala. Alikuwa anapiga randa ubao, na hakuacha nilipoingia. Nikamweleza habari ya mbwa. Nikamwambia bado hatujachelewa sana, twende kwa yule mama tuseme ukweli.

Akasema: "Niende nikamwambie Risasi Moja kapiga tumbo?"

Kumbe! Si kiti. Si chama. Ni jina lake tu. Nilitaka kumrushia ule ubao. Halafu nikaona anapiga randa pale pale tu, ubao umeliwa mpaka umebonyea. Anaogopa kama mimi. Hilo ndilo lililonimaliza, maana siku zote hizi nilikuwa nimejificha nyuma ya ujasiri wake.

Akasema mkutano ukipita tutaingia wawili tummalize. Njia si imefungwa? Mnyororo upo, kibao kipo. Nani atapita?

Kweli, nani atapita. Nimerudi nyumbani na hilo. Nimekula kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu kaninyooshea shati la kesho. Anadhani naogopa kusimama mbele za watu. Kasema nimtazame mtu mmoja tu nikiwa nazungumza, nisahau wengine. Kazi yake ingemruhusu angekaa mstari wa mbele, nimtazame yeye.

Nilikaribia kumwambia. Neno lilifika mdomoni kabisa. Akauliza kola iko sawa? Nikasema iko sawa.

Jumanne, 11 Juni

Naandika nyuma ya ukumbi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Ni mapumziko ya chakula. Wenzangu wanakula kwa kelele, kama wana harusi.

Tumepata kiti! Mama ofisa kasimama, kasema hajawahi kuona watu waliokuwa wakigombana naye mmoja mmoja wakija na hoja moja iliyonyooka. Msimu utaanza baada ya nyati kuzaa, kama tulivyosema. Kura tunayo. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja wa chama akalia.

Halafu akageuza karatasi. Akasema kuanzia leo ofisi haitaamua mambo ya bonde bila kutusikiliza, na anaanza sasa hivi. Kwa kuwa wawindaji wamethibitisha kwamba bonde ni tulivu, hakuna mnyama aliyeguswa, njia inafunguliwa. Mnyororo umeshatolewa asubuhi.

Ukumbi mzima makofi. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anaangalia viatu vyake, lakini mikono ilikuwa inapiga makofi.

Nikatoka nje nikampigia mke wangu. Kapokea anacheka. Habari imeshafika zahanati, kila mtu anampongeza kwa ajili yangu. Saa kumi akimaliza zamu atakata bondeni, aniwahi kabla sijavua hilo shati. Nikamwambia pita barabara kuu. Akasema hata leo? Miguu yake imekwisha kwa hiyo barabara! Nikamwambia pita tu huko, nakuomba. Akasema:

"Baba we, si ninyi mmesema kuko salama?"

Mgonjwa akamwita, akakata simu.

Nikamvuta shemeji pembeni. Nikamwambia dada yako atapita pale saa kumi. Kakauka. Midomo imekuwa myeupe. Nikadhani sasa atasema. Akasema atamtuma mtu wa pikipiki akamchukue zahanati, mambo yaishe kimya kimya. Nikauliza na wengine? Mkata kuni? Watoto wa shule wa ng'ambo? Akanishika mkono, kwa nguvu, akasema baada ya shukrani. Ukishamaliza kutoa shukrani tu, shemeji. Tumetoka mbali na hiki chama.

Shukrani natoa mimi. Ndilo jambo la kwanza baada ya chakula. Mama ofisa kaniachia kiti kando yake na kipaza sauti.

Nimemwandikia mke wangu: usipite bondeni, na wenzako wote uwaambie wasipite.

Wanaingia. Shemeji yuko mlangoni, ananipungia. Ananipungia tena. Nimesimama, naandika nimeegemea ukuta.

Simu imetetemeka. Kajibu kwa swali moja.

Kwa nini?