Chini ya Pipa

Mume wangu Rashidi,

Pokea salamu zetu za La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, zikupashe moto huko Kanada kwenye theluji. Mama yako mzima, cherehani yake haipumziki kwa sare za shule. Mdogo wako nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa lugha ya huku, "Eish, gogo!" yaani, "Ah, bibi!"

Unaniuliza kama ununue hisa za kampuni za mafuta na gesi za huko, maana bei inapanda na wenzako wote wananunua. Mafuta nayajua, mume wangu. Nilipokuwa msichana Tanga, mama yangu aliuza mafuta ya taa. Hakununua pipa kabla ya kutumbukiza mpira wa kunyonyea mafuta mpaka chini na kuvuta kidogo, kwani mafuta hukaa juu, maji chini.

Siku moja mafuta yaliadimika, watu wakagombania mapipa. Mama alinituma mimi. Kwa kuogopa kukosa, nilinusa juu tu, nikalipa. Tulipouza nusu ya pipa, mpira ukaanza kutoa maji.

Mama hakunigombeza. Kesho yake alinipa pesa na ule mpira, akasema, "Kanunue jingine."

Basi nunua, usiogope. Lakini bei ya leo ni harufu ya juu. Uliza kwanza: mafuta yaliposhuka bei, kampuni hiyo iliendelea kuwapa wenye hisa gawio lao? Ukikuta maji, nenda pipa la pili. Ukikuta mafuta mpaka chini, ninunulie na mimi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Mwanahamisi