Umekonda, Dada

Mahongole, Makambako

Mdogo wangu Felista,

Kwanza niambie kama kile kikohozi kimekuacha, na kama mahindi ya kule bondeni yamesimama. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya hapa ni ya Erasto, na mwanangu huyu akipiga huweka sauti kubwa, sebule nzima isikie. Haya hayafai kusikika sebuleni.

Unakumbuka ulivyokuja Pasaka? Hujaweka hata kikapu chini, ukanishika mabega ukapaza sauti: "Jamani dada, umekonda! Huku wanakulisha nini?" Mkwe wangu Enesia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Kesho yake ukaondoka zako, mimi nikabaki na kauli yako.

Tangu siku hiyo nakula. Asubuhi chapati mbili na chai ya sukari vijiko vitatu, saa nne soda, mchana wali wa mafuta, jioni ugali wa mtu aliyeshinda shambani. Na mimi silimi, hata kikombe sioshi. Nikijiinua tu, Enesia huyo mbio: "Mama, kaa, unataka nini nikuletee?" Wapita njia wananisalimia "kamwene" pale getini, naitikia nimekaa kama chifu.

Magoti haya yaliyonileta kwa Erasto yakazidi kuuma, akanipeleka hospitali Njombe. Daktari akanizungushia kiunoni utepe kama wa fundi cherehani, nikadhani nashonewa gauni. Akapima sukari, iko juu, na presha nayo. Kisha akaniminya mapaja. "Bibi, huku nyama imepungua, tumboni mafuta yameongezeka." Nikamwambia magoti ni uzee tu. Akasema uzee upo, na ule ulaini wa katikati ya mifupa umelika, lakini mafuta ya tumbo si mzigo tu kwa goti, yanachochea uvimbe hadi kwenye viungo. Akaagiza nipunguze sukari, mafuta na ugali, nile maharage na mboga za majani, nitembee kidogo kila siku, na nisimame na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni ili mapaja yapate nguvu.

Tulipofika nyumbani Enesia akalia. "Mama, nikikupunguzia chakula, mama mdogo akija atasema nini? Ukoo mzima utajua nakunyima." Na ni kweli ungesema.

Nikajaribu kuwapa kuku nusu ya wali kwa siri. Akawakuta wanaudonoa, akaona nimekataa chakula cha mkono wake, siku mbili nyumba ikapoa. Sasa nakula namaliza. Nikianza ile simama-kaa yangu, anasikia ninavyohema, anakuja na mto wa kuegemea. Ananipenda, Felista, na kwa upendo huo nimefungwa. Erasto anasema nitarudi kwangu Mlangali magoti yakipata nafuu. Yatapata lini kwa mwendo huu? Ngazi za mlangoni ni tatu tu, na wiki iliyopita zimenishinda. Nina hasira, na nyingine ni juu yako.

Kwa hiyo njoo. Ukifika, kabla hujatua kikapu, sema kwa sauti ileile, Enesia akisikia, kwamba nimezidi unene, nipunguziwe chakula, na kwamba wewe ndiye unayetaka hivyo. Mimi nimeshasema, ananiona namwonea huruma tu. Wewe atakuamini.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na kaka yetu mkubwa. Jirani anayenitunzia ufunguo mwambie aendelee kufagia uwanja wangu.

Ila usikawie. Ukikawia utanikuta nimenenepa, nimependeza, na siwezi kuinuka kukukumbatia.

Ni mimi dada yako,
Anjelina