Kikaratasi cha Jina Nilichompa Mnunuzi

Mama Mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 28, maana siku hiyo mtoto mmoja atapanda jukwaani mbele ya watu wote, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini asipande.

Mimi ni katibu wa komite ya wazazi katika shule moja karibu na kambi ya Lusenda, ambapo watoto wetu wanasoma pamoja na watoto wa wakimbizi wa Burundi, na kila jioni naandika katika kaye, yaani daftari langu, mambo ya siku na tarehe yake, kwa hiyo haya siyabuni. Tarehe 14 tulipeleka michoro ya wanafunzi mjini Baraka, katika ukumbi wa parokia, tuiuze ili kikundi chetu cha maigizo kipate ngoma na mavazi, na kwa kuwa mwaka jana michoro ilichanganyika watoto wakagombana, mimi nikaweka utaratibu: chini ya kila mchoro nilibandika kikaratasi chenye jina, darasa na mahali mtoto anapokaa, hata namba ya bloki kambini, na prefe, mkuu wa shule, akanisifu.

Mchoro wa Itangishaka, msichana mkimbizi wa miaka kumi na sita, mmoja wa waigizaji wetu, mwalimu aliutoa katika kaye ya msichana bila kumuuliza. Ulionyesha mwanaume amesimama mlangoni mwa nyumba, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Bamama walicheka: "Ii sura ukiitundika kwako, hata bashemeji batakimbia!" Kisha akaja mtu mwenye koti, akasimama mbele ya mchoro huo muda mrefu, akauliza bei, akalipa bila kubishana, na wewe unajua Baraka hata fungu la ndagala watu wanabishania.

"Alichora yeye mwenyewe?" akauliza.

"Yeye mwenyewe, papa. Iko na kipaji sana."

"Basi unipatie na kakaratasi kake."

Nikakibandua kwa ukucha, polepole kisichanike, nikampa na asante juu.

Jumatatu Itangishaka akanijia: "Maman, nani alichukua yangu?" Nami nikitaka tu atulie nikasema, "Muzungu mumoja wa shirika." Akanikumbatia. "Asante Mungu! Ule mwanaume nilichora njo alikuja kumuchukua papa kule kwetu, na papa hakurudia. Sasa aende Ulaya, mbali na sisi."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mnunuzi aliniomba mimi niukunje mchoro na kuufunga kamba, akalipa na kupokea kwa mkono wa kuume, na ule wa kushoto haukutoka katika mfuko wa koti hata mara moja. Na jana Vainqueur, kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alinisimamisha njiani: "Maman, kuko mugeni ananiuliza batoto ba maigizo banachezaka siku gani."

Sili vizuri. Huenda mkono wake ni mzima na mimi najitisha bure. Nikisema, prefe atafuta onyesho ambalo watoto wamelifanyia mazoezi miezi mitatu, na mama yake Itangishaka, aliyekwisha kukimbia mara moja, atakimbia tena kwa ajili ya kikaratasi changu. Nikinyamaza, sijui. Nifanye nini?

Rosette, katibu


MAMA KETSIA ANAJIBU

Pole, Rosette. Sasa nisikilize.

Katika barua yako uliandika tena jina lote la mtoto, bloki yake, na jina la mama yake. Nimeyachoma. Majina yanayosomwa hapa ni mengine, hata lako. Jibu hili unalipata kwanza kwa mkono wa mtu wangu; gazetini litatoka mtoto akiwa hayuko tena hapo. Utaratibu ni mzuri, lakini kuna vitu haviandikwi.

Unaniuliza kama ule mkono ulikuwa mzima. Sijui, nawe hujui. Anayeweza kumtambua mtu huyo ni msichana na mama yake, na hao ndio uliowafumba macho. Usiniambie ulitaka atulie. Uliogopa kuulizwa swali la pili.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu. Nenda kwa mama, si kwa mtoto. Chukua kaye yako, umsomee tarehe 14 kama ulivyoandika, bila kujitetea. Atakutukana, kaa hapo hapo, pokea. Kisha mwende pamoja kwenye ofisi ya kambi inayolinda wakimbizi, mwombe wahamishwe leo leo, na mwaeleze sura ya yule mtu, koti lake, maneno yake. Vainqueur mwambie neno moja tu: asimjibu huyo mgeni kitu. Usimfuate wewe, wala usipeleke habari hii sokoni.

Prefe umwambie leo, na Jumamosi hakuna mchezo. Watoto watanuna. Wanune. Ngoma zitapigwa siku nyingine.

Unasema huli vizuri. Lakini yule msichana, tangu Jumatatu, analala usingizi mtamu kwa sababu ya uongo wako. Nenda ukamwamshe.